Namba Kumi na Moja Iko na Mwenyewe

Hapana, hakutusaliti. Usilirudilie tena lile neno mbele yangu. Kama uko na nguvu ya kulisema, kuja ulisemee hapa ku parkingi, asubuhi, wakati motari wote, sisi wenye kubeba abiria na pikipiki, wako, tuone kama utarudi kwenu na viatu mu miguu. Mutoto hakukimbia. Tulimuazimisha. Na kuazimisha si kuuza. Ukimuazimisha jirani sufuria yako, sufuria ni ya nani? Jibu weye mwenyewe.

"Ni yako," fundi aliniambia siku moja, "lakini ugali iliyo ndani ni ya jirani."

Huyu fundi mumujue kabisa, juu ndiye mutu atanipasua mishipa ya kichwa. Anatengeneza pikipiki mbele ya parkingi yetu, hapa Kasongo. Mikono yake inajua kazi, siwezi kusema uongo, lakini mudomo wake haujawahi kupumzika. Tena ni suporteri wa ile ekipe ingine ya mupira ya muji, ile ya ngambo ya soko. Sisi tukipatwa na mabaya, yeye siku ile anakula vizuri na kulala vizuri.

Mimi shule niliiacha mapema. Kifaransa changu nilikitoa mu radio, mu matangazo ya mupira, siku zote mbele ya abiria na nyuma ya abiria. Ndiyo maana ku parkingi, kama neno la mupira limefungana, wananiita mimi nilifungue. Fundi anasema mimi nafungua mpaka navunja mulango. Aseme tu.

Mutoto alikuwa wa avenue yetu. Mama yake ndiye anatuuzia chai na mikate ya kukaanga hapo hapo ku parkingi, benchi lake liko katikati yangu na fundi, donc maneno yote ya mupira yanapita juu ya kichwa chake. Hakuwahi kwenda ku kiwanja ata siku moja. Alikuwa anasema, "Nikienda nitaangalia miguu yake tu, nani atamuvunja." Anamimina chai.

Na ile miguu, walahi. Ule wa kushoto. Mbele ya kupita beki alikuwa na tabia moja: anasimama. Anasimama kabisa, mupira chini ya kiatu, kama mutu aliyesahau kitu nyumbani. Beki naye anasimama, anashangaa. Kiwanja yote inanyamaza. Halafu, sijui, hauoni kitu. Unaona tu beki amekaa chini na mutoto iko mbali. Namba kumi na moja mugongoni. Sisi tunapiga ngoma mpaka ngozi inalia.

Bon. Mwanzo wa mwaka wa mupira, mutu mumoja akakuja toka Salamabila. Kule Salamabila, ku dhahabu, mwenye shimo wanamuita PDG, ata kama ofisi yake ni hema na kiti chake ni jerikani la kupindua. Huyu alikuwa PDG wa kweli, shimo lake linajulikana, na alikuwa ameunda ekipe na vijana wake wachimbaji. Alitaka mutoto wetu. Hakukuja na makelele. Alisalimia wazee, alivua kofia, alikaa mu kiwanja cha nyumba ya prezida wa ekipe yetu, mufanyabiashara wa chumvi na mabati, na akasema: "Sikukuja kununua. Nakuja kuazima."

Maneno yenyewe yalikuwa hivi, na mimi nilikuwa pale nimesimama, sikusimuliwa. Mutoto anaenda kucheza Salamabila mwaka mumoja wa mupira. Ukiisha, anarudi kwetu. Lakini PDG iko na urafiki na wakubwa wa ekipe moja ya Kindu. Atawaalika waje wamuone mutoto akicheza. Wakimupenda, mutoto anapanda Kindu, na sisi na PDG tunakubali wote wawili. Wasipomupenda, anarudi kwetu kama kawaida. Na kama sisi wenyewe tunamufukuza mbele ya mwaka kuisha, basi anabaki wa PDG.

Hii neno ya mwisho tuliicheka. Nani atamufukuza mutoto kama ule?

Ku parkingi tulibishana mpaka abiria wakachoka kutungoja.

"Sasa akifunga goli kule," mumoja wetu akauliza, "ile goli ni ya nani?"

"Ya Salamabila."

"Na akivunjika mguu?"

"Mguu ni wetu," fundi akadakia. "Goli ya wao, mguu wa kuvunjika ya ninyi. Kontra muzuri sana! Mulikuwa na mwalimu gani?"

"Wewe unajua nini ya kontra?" nikamuambia. "Ata ile ya ndoa yako hauielewi."

"Ya ndoa yangu inasema muke anakaa kwangu. Si kwa PDG."

Watu walicheka mpaka mumoja akamwanga chai. Nami nilicheka, ata kama damu ilikuwa inapanda. Mama ya mutoto hakucheka. Aliokota kikombe, akakisafisha.

Sasa sikiliza vizuri hapa, juu ndiyo hapa kila kitu kilifungana.

Kule ku mashimo iko desturi moja, na mutu wa Salamabila ama wa Lusangi hawezi kuichezea. Muchimbaji akiitwa kusaidia shimo ingine, anaacha nyundo yake ku mulango wa shimo lake. Nyundo ikiwa pale, nafasi yake iko. Hakuna mutu anaingia mu nafasi yake, ata mutoto wa PDG. Anaweza kukaa kule miezi, siku akirudi anashika nyundo yake anashuka. Lakini kama wenzake wanaitoa ile nyundo na kuiweka njiani, maana yake wamemufukuza. Na mutu aliyefukuzwa ni wa ule anayemulisha siku ile. Hakuna kesi, hakuna mukubwa wa kijiji anaweza kuirudilia.

PDG mwenyewe ndiye alisema: "Mutoto wenu aache nyundo." Aliisema kwa heshima, na sisi tuliipokea kwa heshima. Nyundo ya mucheza mupira ni nini kama si mayo yake, ile nguo yenye namba mugongoni? Basi tukakubaliana: ile mayo ya namba kumi na moja hakuna mutu ataivaa mpaka mutoto arudi. Na prezida akaongeza, mbele ya watu wote, kwamba ata jina lake litabaki mu ekipe yetu, mu majina tunayopeleka kila mwaka kwa wakubwa wa mupira wa hapa, ile tunaita antante. Tulipiga makofi. Wamama walipiga vigelegele. Mimi nilikata muti, nikauchonga, nikauchimbia pembeni ya benchi letu ku kiwanja, nikatundika mayo juu. Upepo ukaivimbisha kama kuna kifua ndani. Hakuna mutu alilia siku ile, lakini pua nyingi zilikuwa na maji.

Mimi ndiye nilimupeleka. Pikipiki yangu, mutoto nyuma, mufuko wake mbele yangu juu ya tanki. Tulipita Wamaza matope yakiwa mpaka magoti, tukashuka tukasukuma, tukapanda tena. Alikuwa anaimba. Karibu na Salamabila akaacha kuimba, akaniuliza mu sikio, akiniita yaya, kaka mukubwa wake:

"Yaya, na kama nikisahaulika?"

"Mayo iko juu ya muti," nikamuambia. "Nani atasahau?"

Kule alianza vizuri. Mu machi yake ya kwanza ya mupira alisimama vile anasimama, wachimbaji wakafikiri ameumia, wengine wakaanza kumutukana, halafu wakaona. Waliacha mashimo siku ya pili kuja kumuangalia. Watu wa kila upande, wa Kivu, wa huku, wa musikiti na wa kanisa, wakaimba jina moja. Habari ilifika parkingi na motari wa kwanza, na mimi nilizunguka nayo soko nzima, nikaisimulia fundi mara nyingi mpaka akanirushia kitambaa cha mafuta.

Kisha ekipe moja waliyoipiga magoli ikalalamika. Wakaenda ku antante wakasema: huyu mutoto jina lake liko Kasongo na liko Salamabila. Ni kweli, liko. Tuliliacha kwa upendo! Antante wakajibu bila kupandisha sauti: mutu mumoja hawezi kuwa wa ekipe mbili. Hachezi huku, hachezi kule, mpaka Kasongo wamutoe.

Mpaka Kasongo wamutoe. Umesikia?

Nilimusomea prezida yale maneno mimi mwenyewe, nikamufungulia Kifaransa chake neno kwa neno. Alivua miwani. Akamupigia PDG telefone, akaiweka na sauti kubwa tusikie wote.

"Mukubwa, tutoe jina, mutoto acheze. Ni kwa jina tu."

Nyuma ya PDG ulisikia mashine za maji. Kisha akasema taratibu, bila kukasirika, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: "Muzee, jina na mayo ni nyundo moja, na mukitoa nyundo mumemufukuza. Mimi na ninyi wote tulishuhudia. Na mukimufukuza ni wangu. Si mimi nasema. Ni shimo linasema. Nikikubali neno ingine leo, kesho nani ataacha nyundo yake kwangu?"

"Basi wewe umutoe kwako, arudi."

"Na wageni wa Kindu? Nimeshawaalika. Wanakuja kumuona hapa, si kwenu."

Nikaikamata telefone, nikamutukana. Ndiyo, nilimutukana, na prezida akaninyanganya. Sikutubu. Mutu anakushikia ndugu yako kwa adabu na mukono laini, utafanya nini? Kama angekuwa muizi ningejua pa kupiga.

Siku ya wageni wa Kindu ikafika tukiwa bado tumefungwa vile. Tuliondoka na pikipiki nyingi, ngoma zetu mugongoni, juu fundi alikuwa amesema, naye alisema neno la akili siku moja mu maisha yake: pengine wakituona wote pale, antante watahurumia. Ndiyo, fundi naye alikuja. Alisema anakuja kutucheka. Lakini alimubebea mutoto mikate ya mama yake, akaifunika na koti yake mwenyewe mvua isiingie.

Kiwanja ya Salamabila ilijaa. Wageni wa Kindu, watu watatu, walikaa ku viti vya plastiki karibu na PDG. Ekipe zikaingia. Mutoto alikuwa amevaa kamili: mayo ya Salamabila, soksi, viatu vimefungwa vizuri. Mutu wa antante akamuita pembeni, akamuonyesha na kidole benchi. Si hasira, hapana, na kidole tu, vile unaonyesha mutoto mulango wa choo.

Hakukaa ku benchi. Alisimama ku mustari. Wakati mupira ukipita upande wake wa kushoto, mguu wake ulikuwa unatetemeka kama wa mutu anayeota. Tulianza kupiga ngoma. Wachimbaji nao wakaanza. Ekipe mbili, muji mbili, tunaimba jina moja, na mutu mwenyewe iko mbele yetu, muzima, amevaa, hana ugonjwa, hana kosa. Mugeni mumoja wa Kindu akaegemea PDG, akamuuliza kitu. PDG akamuonyesha mutoto. Mugeni akamuangalia mutoto muda murefu, na mutoto akaona kwamba anaangaliwa.

Sasa afanye nini? Amuonyeshe nini? Alisimama tu. Ile ile namna yake, kama mutu aliyesahau kitu nyumbani. Lakini hapakuwa na mupira chini ya mguu, na hakuna beki alikuwa mbele yake.

Tulipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Nilivuka mustari, nikamushika mutu wa antante ku kola, nikamuambia maneno yote ninayojua, na yeye akaniangalia na macho ya kuchoka, akasema: "Kijana, mimi ningemuacha acheze sasa hivi. Rudini kwenu mumutoe. Ni neno moja." Nikamuachilia kola. Niliinyoosha, ata.

Wageni waliondoka mbele ya machi kuisha, wakikimbilia barabara juu ya mvua.

Nyuma ya kiwanja mutoto alikula mikate ya mama yake amesimama. Fundi alimuangalia akikula, hakusema kitu, mara ya kwanza toka nimujue. Mikono ya mutoto ilikuwa na ngozi ngumu mupya. Nikashika mukono mumoja.

"Hii ni nini?"

"Nashuka shimoni siku za kazi, yaya. Siwezi kula bure kwa watu na sichezi."

"Na mguu?"

"Mguu uko." Akaumeza mukate. Kisha akasema bila kuniangalia: "Yaya, mutoe mayo. Nataka tu kucheza. Wale wa Kindu wamesema watapita tena."

"Tukitoa, haurudi tena kwetu."

"Najua."

"Na unakubali?"

"Mimi nilisema nataka kucheza. Neno ingine munalisema ninyi."

Nilileta ile habari ku parkingi vile nilivyopewa, sikuongeza, sikupunguza. Na ndiyo siku ile lile neno lilianza: *ametusaliti*. Si fundi alilianza, mujue. Ni wetu. Watu tuliopiga nao ngoma. Mumoja akasema, "Anaomba mwenyewe afukuzwe, basi moyo wake ulishabaki kule." Mwingine akasema tukitoa mayo tumempa PDG mutoto bure, na mwaka ujao atakuja kuazima golkipa. Wa tatu akasema tuache mutoto aoze akili zimurudie. Huyo nilimupiga. Nilimupiga vizuri, na fundi ndiye alinishika.

Katikati ya zile kelele mama akaweka birika chini. Hatukuwa tumewahi kusikia sauti yake mu neno la mupira.

"Mutoto wetu, mutoto wetu," akasema. "Kila siku nawasikia. Wa Kasongo wanasema wetu, wa Salamabila wanasema wetu. Mimi nilimuzaa na sijasema ni wangu ata mara moja. Sasa anashuka mu shimo. Ile miguu mulikuwa munaniambia ni mali ya muji mzima. Inashuka mu shimo."

Abiria mumoja akaniita, nikajifanya sikusikia.

Tulienda kwa prezida, mama, mimi na fundi. Prezida alitusikiliza mpaka mwisho, akazungusha miwani yake mu vidole. Akasema hawezi. Akitoa jina bila suporteri kukubali, watavunja duka lake, na tunajua ni kweli, juu mwaka uliopita walivunja mulango kwa sababu ya kocha tu. Akaniangalia mimi.

"Ni wewe ulichimbia ule muti. Ni wewe unawapigisha ngoma. Siku ya mungu, jumapili, mbele ya watu wote, toa mayo mwenyewe. Ukiitoa wewe, hawatasema ni mimi nimemuuza. Na kesho yake asubuhi natoa jina."

"Na nisipoitoa?"

"Basi inakaa."

Njiani mama alitembea mbele yetu. Alipofika ku benchi lake aligeuka, akaniambia, "Mutoto wangu, sikulazimishi," na alikuwa ananiita hivyo mara ya kwanza. Afazali angenipiga kofi.

Siku ya mungu nilienda. Muti uko, mayo iko juu, jua limeikula rangi ku mabega, lakini namba bado inasomeka. Ekipe yetu ikaingia bila kumi na moja, kama kawaida, na watu wakageukia ule muti wakapiga makofi, kama kawaida. Wazee walivua kofia. Mutoto mumoja wa shule akaushika muti na mukono wake kisha akajishika kifuani. Ngoma zikaningoja. Nilikaribia. Mukono ulifika ku kitambaa, ulikuwa moto juu ya jua. Pale pale nikamuona mutoto kule Salamabila, ku mustari, mguu unatetemeka. Nikaona pia mwaka ujao, na unaofuata, anapita hapa na mayo ya wengine na sisi tunamuzomea, mimi nikiwa wa kwanza, najijua.

Niliinyoosha mikunjo. Nikarudi ku ngoma.

Siku ya mungu ingine nikarudi, nikafanya vile vile. Fundi anakuja sasa kila mara ku kiwanja chetu, yeye suporteri wa ngambo ya soko, anasimama mbali, ananiangalia. Hanitanii tena. Ningependa anitanie. Mama ananimiminia chai, hajaniuliza. Na motari anayetoka Salamabila anasema mutoto iko muzima, anashuka shimo, anapanda, jioni anapiga mupira peke yake ku ukuta wa hema, na Kindu bado hawajapita.

Basi wewe uliyekaa huko na kusema ametusaliti, wewe uliye na akili na mukono mwepesi: kuja siku ya mungu hii, simama mbele ya ule muti, watu wote wakikuangalia. Ungeitoa?